Kicheko Kabla ya Kisu

Asije mtu akaniambia kununua kamera ni starehe. Anayesema hivyo hajainunua akiwa na roho mkononi, huku mama yake anangojewa na kisu.

Kazi yangu ni kuchanganya rangi za nyumba. Dukani kwetu kuna mashine, sikatai, lakini mashine haijui kwamba mteja akisema krimu anamaanisha ile ya sebule ya wifi yake, si ile ya kwenye kopo. Hilo nalijua mimi. Naweka tone, napaka kwenye kipande cha mbao, nangoja kikauke, natoka nacho juani, narudi nacho kivulini, naongeza tone jingine. Wenzangu wananiita Bibi Sampuli. Waseme watakavyo. Sijawahi kumpa mtu rangi ambayo sijailinganisha.

Sasa chukua mtu wa namna hiyo, mwambie achague kamera, halafu mwambie ana siku chache tu. Utamuua.

Yote yalianza ofisini kwa daktari. Mama alikuwa na uvimbe chini ya sikio la kushoto, ambao kwa muda mrefu aliuita "kijitu changu" na kuuficha kwa mtandio. Daktari, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alitukalisha mbele ya meza yake, mimi, mama na mama mdogo, akatueleza kwamba uvimbe umeukumbatia mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Lazima utoke. Mshipa akiweza kuuokoa atauokoa, lakini hataki kutudanganya.

"Nitakula?" mama akauliza.

"Utakula."

"Nitaongea?"

"Utaongea. Mwanzoni kwa taabu kidogo."

"Basi toa," mama akasema, kana kwamba ni pindo la sketi lililokaa vibaya. Mama ni mshonaji wa sare za shule, na kwake kila kitu kinafumuliwa na kushonwa upya.

Mimi ndiye niliyeuliza. "Na kucheka je, daktari?"

Daktari akazungusha kalamu yake. "Upande mmoja utacheka. Wa pili huenda ukabaki umelala."

Tulipofika nje, kwenye ngazi, mama akasema, "Upande mmoja unanitosha. Siku hizi hata mambo ya kunichekesha pande zote mbili hayapo." Akacheka mwenyewe, mkono mdomoni.

Mkono mdomoni! Hapo ndipo nilipochomwa. Mama hujifunika mdomo akicheka tangu akiwa msichana, siku mwalimu alipomwambia mbele ya darasa zima afunge hilo shimo kabla hajawameza wenzake. Darasa likaangua kicheko, naye tangu siku hiyo hakucheka tena bila kiganja. Mbele ya kamera ndiyo kabisa. Nilirudi nyumbani nikapekua albamu zote. Siku ya arusi yake: midomo imebanwa kama mtu aliyeshika pini kwa midomo. Siku nilipozaliwa mimi: kiganja. Siku ya kumuaga baba kazini, Mungu amrehemu: kiganja. Nyumba nzima hakukuwa na picha hata moja ya mama yangu akicheka.

Nikajiapiza. Kabla kisu hakijamgusa, uso ule nitaupiga picha ukicheka, wote, kushoto na kulia, tena picha ya kutundika ukutani.

"Si upige na simu?" mama mdogo akaniuliza. Huyu ndiye mdogo wake mama wa pekee, na majirani zake wanamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia.

"Simu yangu ina ufa kwenye kioo cha nyuma. Kila ninayempiga anatoka na wingu usoni."

"Yangu haina ufa."

"Mama mdogo, ile picha naitaka kubwa kama dirisha. Ya simu ukiikuza hivyo, mtu anageuka mchanga."

Akaniangalia kwa huruma. "Haya. Lakini nakujua wewe. Mchagua nazi hupata koroma."

Duka la kamera liko ghorofani, juu ya duka la viatu. Mwenyewe ni mtu wa makamo anayevaa miwani machoni na mingine ameipandisha kwenye paji la uso, kwa hiyo moyoni nikambatiza Miwani. Nilimwambia nataka kamera kubwa ya kweli, zile ambazo lenzi inachomolewa, lakini ya mtu anayeanza, maana sijawahi kuishika. Akaweka mbili juu ya kaunta. Angeweka moja, haki ya Mungu, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi na ilikaa vizuri mkononi. Ya pili ilikuwa nzito kidogo, lakini Miwani alisema penye mwanga hafifu inaona vizuri zaidi. Chumba cha kushonea cha mama kina dirisha moja tu. Jasho likaanza kunitoka.

"Ipi bora?" nikauliza.

"Dada, zote zitakufaa. Kwa anayeanza, tofauti yake ni ya kutafuta kwa tochi."

"Basi lete tochi."

Akacheka akidhani natania. Alikuwa na kadi yake ya dukani ya kuhifadhia picha, kijikadi kidogo kuliko stempu. Akaitia katika kamera ya kwanza, nikapiga. Akaichomoa akaitia katika ya pili, nikapiga tena. Kisha tukazitazama picha kwenye kompyuta yake, moja ubavuni mwa nyingine. Nilimpiga Miwani akiwa kwenye kaunta. Nikampiga mlangoni. Nikamwomba akae dirishani, ageuke, acheke, asicheke. Kamera ya kwanza ilimtoa na wekundu kidogo mashavuni, ya pili ikamtoa mkavu.

"Wewe ukoje hasa?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Mimi kazi yangu kuuza, sijitazami."

Halafu ikazuka habari ya lenzi. Kuna ile inayokuja na kamera, inavuta karibu na kusukuma mbali, na kuna nyingine fupi isiyovuta wala kusukuma, lakini wapiga picha za nyuso wanaisifia kufa. Kwa hiyo badala ya kuwa na njia mbili za kukosea, nikawa nazo nne. Nikashuka ngazi mikono mitupu.

Kesho yake nikarudi. Nikarudi tena, na tena. Miwani akawa akinisikia tu kwenye ngazi anaziweka kamera zake mbili kaunta bila kusema neno. Nikawa nasoma kwenye mtandao mpaka macho yananiwasha: huyu anasema hii ndiyo kamera, yule anasema aliyesema hivyo ni mpumbavu na mama yake ni mpumbavu. Kazini nikaharibu kopo zima la kijani, mimi! Mteja aliliangalia, akaniangalia, akauliza kama naumwa. Niliumwa, ndiyo. Nilikuwa naogopa. Nilijiambia nikikosea kamera nimekosea uso wa mama, na uso wa mama haurudishwi dukani na risiti.

Mama yeye alikuwa kwenye cherehani yake, anamaliza kaptula za watoto kabla ya kulazwa.

"Bado hujachagua?" akaniuliza.

"Bado."

"Mimi baba yako nilimchagua kwa muda mfupi kuliko huo, na nilikaa naye mpaka akafa."

"Mama, sitaki mzaha. Kwani wewe huogopi?"

Akauondoa mguu kwenye pedali. "Niogope nini? Sura yenyewe sijawahi kuiringia. Hiyo picha ni yako, mwanangu, si yangu. Mimi nakufurahisha tu." Akakanyaga tena, na cherehani ikapiga kelele hata nisiweze kumjibu.

Basi nikiwa bado kwenye njia zangu nne, simu ya hospitali ikaja. Kitanda kimepatikana mapema kuliko walivyotarajia. Mgonjwa aje kesho asubuhi, asile kitu.

Nikavua aproni, sikumuaga hata bosi, nikakimbia. Nilimkuta Miwani ameshateremsha mlango wa chuma nusu. Nikainama nikapita chini yake.

"Ile ya pili," nikasema, nahema. "Na lenzi fupi."

"Umeamua?"

"Sijaamua. Nimeishiwa muda."

Akaleta boksi jipya, akalifungua, akaanza kunitolea kitu kimoja kimoja kwa utaratibu wake ule wa kuudhi. Hii betri, uichaji kwanza. Huu mkanda. Huu mfuniko, usiupoteze. "Sasa kuna kitu kingine utahitaji, hakimo humu ndani ya boksi..."

Nikajua ananivutia mkoba. Kila ukurasa niliousoma ulionya: watakuuzia na mkoba. "Mshonaji tunaye nyumbani," nikamkata. "Nifungie."

"Si mkoba, dada, ni..."

"Mzee, nimesoma kitabu cha kamera hii kuanzia jalada mpaka jalada. Kuifahamu naifahamu kuliko wewe unayeiuza. Nifungie, tafadhali, mama yangu anapasuliwa kesho!"

Akainua mikono. "Haya. Pole kwa mgonjwa." Akanifungia, na mimi huyo, mbio, na boksi langu kifuani.

Asubuhi betri ilikuwa imejaa. Begi la hospitali lilikuwa mlangoni, teksi tumeiagiza, na mama ameketi kwenye kiti chake cha kushonea karibu na dirisha, amevaa gauni lake la samawati na amefungua mtandio. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda mbele yake. Mimi nilikuwa nimepiga goti, kamera jichoni. Ndani ya kile kitundu cha kutazamia kuna namba chini, na kuna kimraba kinachowaka kikishapata fokasi. Nilizikodolea macho zile namba kama dereva anayetazama mshale wa mafuta.

"Cheka, mama."

"Nicheke nini?"

"Mama mdogo, mchekeshe."

Redio hakungoja kuombwa mara mbili. "Dada, unaukumbuka ule msiba?"

"Usianze," mama akasema, na tayari pua yake ilikuwa inacheza.

"Tumeshuka kwenye gari, tumechelewa, tunaona turubai, tunaona watu. Tukaangua kilio tangu barabarani."

"Wewe ndiye uliyeanza!"

"Nilianza kwa sababu ulinifinya! Watu wakatupisha, wakatukalisha mbele kabisa na wafiwa. Wakamwomba dada aseme mawili matatu. Dada akasimama." Mama mdogo akasimama. "'Marehemu,' akasema, 'alikuwa mama mpole, mama wa watu, hakuna aliyepika kama yeye.' Na picha ya marehemu iko pale mezani, mzee ana ndevu mpaka kifuani!"

Mkono wa mama ukaruka kwenda mdomoni. Mama mdogo akaudaka hewani, akaudaka na wa pili, akaibana yote miwili mapajani mwake. "Na mjane wake," akaendelea, "akageuka taratibu akatuuliza, alikuwa anampikia nani?"

Hapo ndipo kilipotoka. Mama alicheka. Alicheka wazi, mikono imeshikwa, mwanga wa dirisha upande mmoja, na mimi nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Kila nikibonyeza picha inatokea kwenye kioo cha nyuma kwa sekunde kidogo, safi, inang'aa, kisha inaondoka. Shavu la kushoto lilikuwa linapata mwanga mwingi mno. Nikazungusha kigurudumu, nikapunguza, nikabonyeza tena. Furaha ilinipanda mpaka kooni. Nimeweza!

"Hayo maandishi ya kwenye kona ni ya nini?" mama mdogo akauliza. Alikuwa amenisogelea kunichungulia begani. Kweli palikuwa na vineno vidogo kwenye kona ya kila picha.

"Ni jina la aina ya picha. Niache nifanye kazi."

"Basi na mimi nimpige moja na simu yangu."

"Weka simu yako huko! Unanizibia mwanga."

Akaiweka. Akaiweka mfukoni bila kinyongo, na teksi ikapiga honi.

Hospitalini walimchukua upesi. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani, akanishika kidole. "Wakinitoa huko, kitu cha kwanza unionyeshe," akaniambia. Mlango ukafungwa.

Tukakaa kwenye viti vya plastiki, mimi na mama mdogo. Mama mdogo akaenda kutafuta maji. Nikasema ngoja nijipoze roho, nimtazame. Nikabonyeza kile kitufe cha kuonyesha picha.

Kioo kikawa cheusi, na katikati kikaandika: hakuna kadi.

Nikabonyeza tena. Hakuna kadi. Nikazima, nikawasha. Hakuna kadi. Pembeni mwa kamera kuna kilango kidogo, nikakifungua kwa ukucha. Ndani palikuwa na mwanya mwembamba, msafi, mtupu. Nikachungulia, nikaingiza kidole, nikaitikisa kamera yote kama mtu anayetikisa kiberiti kusikia kama njiti zimo. Watu wakawa wananitazama.

Nikampigia Miwani.

"Dada, nilitaka kukuambia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wenyewe ndio ulionitia hofu. "Kadi inanunuliwa peke yake."

"Lakini picha nimeziona! Zilikuwa zinatokea!"

"Inakuonyesha tu, ya kujaribia. Ndiyo maana inaandika pale kwenye kona. Bila kadi haizihifadhi."

"Zimekwenda wapi? Hakuna kifaa cha kuzitafuta? Nitakulipa chochote."

"Hazijakwenda popote, dada. Hazikuwekwa."

Nilikata simu. Nilitaka kusimama nipige ule mlango, niwaambie wangoje, wamtoe kidogo tu, nina simu ya mama mdogo, dakika moja, msimguse. Nilisimama kweli. Muuguzi akapita na sinia akaniuliza, "Unatafuta choo?" Nikaketi. Mama mdogo akarudi na chupa za maji, akaniona uso, akanikumbatia akidhani ni hofu ya upasuaji. Nikamwacha adhani hivyo. Nilikaa pale mpaka mchana ukapinda nikiwa nimeipakata kamera ile, na kila nikiiangalia natamani kuitupa dirishani.

Daktari alitoka ameshusha barakoa. Uvimbe umetoka wote, hakuna kilichobaki, mama yuko salama. Mshipa haukuokoka. "Pole sana," akasema. Mama mdogo akashukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilishukuru pia, msinione mbaya. Lakini moyo wangu ulikuwa unagonga kwa jambo jingine.

Siku za kwanza mama alikuwa mtu wa bandeji na usingizi. Akiamka ananyoosha mkono kuelekea kwangu, vidole vinajikunja, kama kusema lete. Siku ya kwanza nilimwambia betri imekwisha. Siku iliyofuata nikamwambia nimezipeleka kusafishwa. Kadi nilikwishanunua, imo ndani ya kamera, imekaa tupu, na kila muuguzi akipita nashtuka kama mwizi. Mama mdogo alianza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Kisha wakapunguza bandeji. Jicho la kushoto lilikuwa limebandikwa plasta lisikauke, na upande ule wote wa uso ulikuwa umeshuka, hauna habari na mtu. Mama alizungumza kwa kona ya kulia ya mdomo, polepole, kila neno analivuta.

"Lete picha," akasema.

"Mama, bado ziko..."

"Wewe. Mimi nimekatwa uso, sijakatwa akili. Lete."

Mama mdogo alikuwa kwenye kigoda karibu na ukuta, anakunja nguo. Akaacha kukunja.

"Hazipo," nikasema. Nikamweleza yote: kadi, Miwani, vile vineno vya kwenye kona, simu ya mama mdogo niliyoikataza. Sikujitetea, sikuwa na cha kujitetea nacho. Nikangoja aseme maji yakimwagika hayazoleki, au atanie, maana mama hutania kila kitu.

Hakutania. Machozi yalimtoka jicho la kulia, lile la wazi, yakapita kwenye shavu ambalo bado linajua kukunjamana.

"Niliitaka," akasema.

"Si ulisema ni yangu?"

"Nilisema. Mtu husema." Akavuta pumzi. "Sijawahi kujiona nikicheka. Kwenye kioo huwezi, utasimama ujichekee mwenyewe kama kichaa? Nilitaka kujua tu nikoje. Mara moja kabla hawajaniondolea." Akanigeuzia lile jicho. "Basi niambie wewe. Ulikuwa mbele yangu. Nilikuwaje?"

Nikafungua mdomo.

Nilitafuta. Jamani, nilitafuta! Nilikumbuka zile namba za chini, nakumbuka mpaka leo. Nilikumbuka kimraba kinawaka juu ya kope zake. Nilikumbuka kwamba shavu la kushoto lilikuwa na mwanga mwingi mno na kwamba nilizungusha kigurudumu. Uso wenyewe, mdomo ulivyofunguka, kicheko kilianzia wapi kikaishia wapi, sikuwa nacho. Nilikuwa nimetazama kila kitu asubuhi ile isipokuwa mama.

"Mwanga ulikuwa mzuri," nikasema.

Mama akafumba jicho. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitaki kuiona tena.

Kigoda kikakwaruza sakafu. Mama mdogo alikuwa amekivuta mpaka usawa wa magoti ya mama, akaketi, akajifuta uso kwa viganja kana kwamba anaondoa sura yake mwenyewe.

"Dada, tazama huku," akasema. "Ulianza hivi."

Akabana midomo. Matundu ya pua yakatanuka, mabega yakaanza kupanda, akayazuia, yakapanda tena. Kona ya kushoto ya mdomo ikainuka kwanza, peke yake, ikangoja kidogo, ndipo ya kulia ikaifuata. Macho yakapotea. Kidevu kikarudi nyuma, mdomo ukafunguka wote, mpana, meno ya juu na ya chini, na kwa muda hapakuwa na sauti yoyote. Kisha sauti ikaja kutoka mbali, kama bomba linalovuta maji, ikapanda, ikapasuka, na mwisho kabisa kikatoka kilio kidogo chembamba. Hakuwa anadhihaki. Alikifanya polepole, kwa uangalifu, kama anamfundisha mtu hatua za ngoma. Na kilikuwa ndicho. Nilikitambua palepale, chote, mwili wangu ukasisimka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

Mama alikuwa amemkodolea jicho moja, hapepesi.

"Tena," akasema.

Mama mdogo akarudia tangu mwanzo. Midomo, mabega, kona ya kushoto, ya kulia.

"Mdomo mkubwa hivyo?"

"Mkubwa hivyo."

"Na hicho cha mwisho? Cha panya?"

"Hicho ndicho chenyewe. Nikikuchekesha huwa nangoja hicho tu, tangu tuko wadogo. Hata ukijifunika kinapita kwenye vidole."

Mama akainua mkono, akagusa ile kona ya kushoto ya mdomo wake, iliyolala, akaipandisha kidogo kwa kidole. Alipouondoa mkono, ikashuka.

"Kumbe hakikuwa kibaya," akasema.

Mimi sikuweza kukaa. Nikatoka nikasimama koridoni, nikaegemea ukuta nikalia kwa sauti bila kujali nani anapita. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimsikia mama akimwambia mdogo wake arudie tena, polepole zaidi.